Duara, Mzunguko na Urari: Juu ya Kupima Marejeo ya Samadi katika Ufugaji

Miongoni mwa maneno yaliyoingia katika Kiswahili cha ofisi na cha mikutano kwa miaka ya karibuni ni yale yanayotaja uchumi usiotupa kitu. Wengine husema "uchumi wa mzunguko", wengine "uchumi duara", na wako wanaolikwepa jina kwa kueleza tu kwamba ni uchumi wa kurejeleza. Makala haya hayakusudii kuchagua jina moja na kuyafukuza mengine. Yakusudia kuonyesha ya kuwa jina, mara liingiapo katika fomu ya bwana mifugo, huamua swali litakaloulizwa. Swali huamua tarakimu. Na tarakimu huamua ni mfugaji gani atakayehesabiwa kuwa amefanya vyema. Mfano utakaotumika ni ufugaji wa ng'ombe, kwa kuwa hapo kitu kile kile kimoja huitwa kinyesi, taka, samadi au mbolea, kwa kufuata mahali kilipo na mtu anayekitazama.

Majina hayo yenyewe yana habari ndani yake. "Samadi" ni neno la Kiarabu, nalo huko latumika kwa kila kirutubishacho ardhi; Kiswahili kimelifinya hata likabaki na maana ya mbolea itokayo kwa wanyama. "Mbolea" inaelekea kuwa ya Kibantu, jamaa wa kitenzi ambacho katika Kizulu ni -bola, yaani kuoza. Kwa hiyo neno moja lataja kazi ya kitu, la pili lataja mabadiliko yaliyokipata. "Taka" haitaji wala kazi wala mabadiliko, bali hukumu ya mwenye nyumba tu. Ng'ombe hatoi taka. Taka huanza pale mtu asipokuwa na haja na kitu hicho, au anapokuwa nacho kingi kupita ardhi yake.

Wazo la kurudisha ardhini kilichotoka ardhini si geni hata kidogo. Justus von Liebig, mwanakemia wa Kijerumani aliyechapisha mwaka 1840 kitabu chake juu ya kemia ya kilimo, alilalamika katika maandishi ya baadaye kwamba London ilikuwa ikiula rutuba ya mashamba na kuimwaga katika mto Thames. Mwaka 1966 mchumi Kenneth Boulding aliifananisha dunia na chombo kisafiricho angani, ambacho abiria wake hawana mahali pa kuchota wala pa kutupa. Jina la "uchumi wa mzunguko" latokea katika kitabu cha Pearce na Turner cha mwaka 1990. China ikatunga sheria yake mwaka 2008, na Umoja wa Ulaya ukatoa mpango wake wa kwanza mwaka 2015. Tangu hapo kazi imekuwa si kulieleza wazo, bali kulipima.

Hapa ndipo tofauti ya "duara" na "mzunguko" inapokuwa na uzito. Duara ni umbo lililofungwa; mstari usiokutana na mwanzo wake hauitwi duara. Mzunguko ni jina la tendo, kutoka kuzunguka, na mtu aweza kuzunguka mji kutwa asirudi alikoanzia. Anayesema "ufugaji duara" ameahidi kwa neno lake kwamba mstari umefunga, kabla mtu hajapima chochote. Anayesema "mzunguko" hakuahidi hilo, ila ana tatizo jingine: mkulima aliyezoea kusikia habari za mzunguko wa fedha aweza kudhani asemwa mkopo. Lililo kubwa zaidi ni kwamba hakuna hata moja katika majina hayo mawili linalouliza duara lachorwa kuzunguka nini. Je, ni zizi? Ni shamba? Ni kijiji? Au ni nchi pamoja na zile zinazoiuzia chakula cha mifugo?

Mfano wa hesabu utaonyesha jinsi swali hilo linavyobadili jibu. Achukuliwe ng'ombe mmoja wa maziwa afugwaye ndani, atoaye lita 3,000 kwa mwaka. Lita moja ya maziwa ina kama gramu 5 za nitrojeni, hivyo maziwa yote yameondoka na kilo 15. Ng'ombe wa maziwa kwa kawaida hutia katika maziwa yake kama sehemu moja kati ya tano, au moja kati ya nne, ya nitrojeni aliyokula. Basi ichukuliwe kwamba huyu alikula kilo 75. Zilizobaki, kilo 60, zimetoka nyuma yake, nusu katika mavi na nusu katika mkojo. Ikiwa sakafu ya zizi ni ya udongo, mkojo wote umezama au umepanda hewani kama amonia. Ikiwa mavi yamelundikwa nje bila paa, mvua na hewa zimechukua kilo 10 katika zile 30, na kilo 20 zimefika shambani. Tarakimu za zizi na lundo ni za kubuniwa kwa ajili ya mfano, lakini mambo yenyewe hutokea kila siku.

Sasa mpimaji aje na fomu. Akiuliza, "Je, samadi unairudisha shambani?" mfugaji atajibu kwa haki kwamba huirudisha yote, maana hakuuza hata debe moja, na fomu itaandika mia kwa mia. Akipima mavi peke yake, marejeo ni theluthi mbili. Akitia na mkojo, ni theluthi moja. Akilinganisha na nitrojeni yote iliyoliwa, ni 27 kwa mia. Ng'ombe ni yule yule, mwaka ni ule ule, na hapana aliyesema uongo.

Kosa la swali la kwanza ni la sarufi kwanza, kisha ni la elimu ya kilimo. "Kurudisha" ni kitenzi cha kutendesha: chauliza juu ya juhudi ya mtu. "Kurudi" chauliza juu ya kitu chenyewe, kama kilifika au hakikufika. Mfugaji aweza kuwa amerudisha yote ilhali theluthi moja tu ndiyo iliyorudi. Fomu nyingi zimeandikwa kwa kutendesha, na hesabu zake husomwa kana kwamba zimeandikwa kwa kutenda.

Hata hivyo hilo ndilo kosa dogo. Lile kubwa ni la mpaka, na mahali pazuri pa kulitazama ni Uhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, kwa sababu wenyeji wa huko waliugawa mpaka huo kwa maneno yao wenyewe zamani kabla ya kuja kwa wapimaji.

Mhaya hutofautisha kibanja na rweya. Kibanja ni shamba la migomba lizungukalo nyumba, lenye kahawa na maharage chini ya kivuli. Neno hilo lina asili moja na "kiwanja" cha Kiswahili, na katika Kiganda pia lipo, likiwa na maana ya kipande cha ardhi akaliacho mpangaji. Lakini kwa Wahaya limekuwa jina la udongo uliotengenezwa na mikono ya watu. Rweya ni mbuga ya nyasi iliyo nje, ambayo kwa desturi ililishwa na kukatwa nyasi na wengi. Mpaka kati ya viwili hivyo huonekana kwa macho: huku migomba imeshonana na udongo ni mweusi, kule nyasi fupi juu ya udongo hafifu. Mgeni hudhani ni aina mbili za ardhi tangu kuumbwa. Kwa sehemu kubwa sivyo. Karibu na ziwa, penye mvua ipatayo milimita 2,000 kwa mwaka, virutubishi huoshwa upesi kwenda chini visikofikiwa na mizizi, na kibanja kimekuwa kibanja kwa sababu vizazi kwa vizazi kimeletewa vitu kutoka nje yake.

Mletaji mkuu alikuwa ng'ombe. Mchana alikula rweyani, usiku alilala nyumbani, na alichokula kule alikiacha huku. Nyasi za rweya zilikatwa pia kwa kuezeka, kwa kutandika sakafuni mwa nyumba, na kwa kufunika ardhi chini ya migomba; zilipochakaa nyumbani nazo zilitupwa kibanjani. Kwa hiyo anayechora duara lake kuzunguka nyumba na kibanja ataona mfano usio na kifani: ng'ombe analishwa majani na vigogo vya migomba, samadi yarudi migombani, maganda ya ndizi yarudi kwa ng'ombe. Atatia alama za juu kabisa. Lakini anayelisogeza duara hadi nyuma ya kilima ataona kwamba pana mstari mmoja mnene unaoingia kutoka rweyani, na hakuna unaorudi.

Irudiwe hesabu ya ng'ombe yule. Tuseme katika kilo 75 alizokula, 30 zilitoka kibanjani na 45 zilikatwa rweyani. Kibanja kimetoa 30 na kupokea 20: kimepungukiwa kilo 10, mbali na ndizi na kahawa zilizouzwa. Mwenyewe ashauriwe kujenga paa, kusakafu zizi na kuukinga mkojo, na kwa juhudi hiyo marejeo yapande hadi kilo 40. Sasa kibanja kina ziada ya 10. Hapana shaka kwamba hayo ni maendeleo, na mfugaji astahili sifa. Lakini rweya ilitoa 45 kabla ya paa, na imetoa 45 baada ya paa. Kipimo kimepanda, na mtoaji hakutajwa.

Pana jambo jingine ambalo Uhaya wafundisha. Sotoka ya miaka ya mwanzo ya 1890 iliangamiza ng'ombe katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na Uhaya haukusalimika. Baadaye rweya yenyewe imepungua kwa kupandwa chai na miti na kwa kukatwa viwanja. Nyumba nyingi leo hazina ng'ombe, na uchunguzi wa urari wa virutubishi uliofanywa katika wilaya ya Bukoba kuanzia miaka ya 1990 umeonyesha tofauti kubwa kati ya vibanja vyenye ng'ombe na visivyo navyo: vya kwanza huweza kujimudu, vya pili huchujuka. Ikiwa rweya ni ya wengi na ng'ombe ni wa wachache, basi samadi ni njia ya rutuba ya wengi kuingia katika migomba ya wachache. Mpimaji aliyepima kibanja chenye ng'ombe peke yake na kukitangaza kuwa kielelezo amewapa wasio na ng'ombe lawama isiyo yao.

Neno "urari" lililotumika hapo juu lastahili kusemwa zaidi, maana ni neno zuri lililosahauliwa katika mjadala huu. Wanafunzi wa ushairi walijua kwa urari wa vina na mizani, na wachumi kwa urari wa biashara. Katika matumizi yote mawili wazo ni la pande mbili zinazotakiwa kulingana, na kila upande una jina. Ndiyo maana lafaa kuliko asilimia. Asilimia ya marejeo husema ni sehemu gani iliyorudi. Haisemi ilirudi wapi, wala ilitoka wapi. Urari hauwezi kuandikwa bila kutaja nani ametoa na nani amepokea. Kazi mashuhuri ya namna hiyo katika bara hili ni ile ya Stoorvogel na Smaling ya mwaka 1990, waliohesabu njia tano za virutubishi kuingia shambani (mbolea ya dukani, samadi, mvua na vumbi, nitrojeni inayonaswa hewani na mimea, na tope liletwalo na maji) na njia tano za kutoka (mavuno, mabua, kuoshwa chini, kupanda hewani, na mmomonyoko). Walikadiria kwamba katika nchi 38 za kusini mwa Sahara, katika miaka ya mwanzo ya 1980, hekta moja ilipoteza kwa wastani kilo 22 za nitrojeni, kilo 2.5 za fosforasi na kilo 15 za potasi kila mwaka. Hesabu hiyo imekosolewa kwa kujumlisha mno, na kwa haki. Lakini haikuficha mpaka wake.

Uholanzi yatoa mfano wa upande wa pili, wa nchi ambayo shida yake ni samadi nyingi kupita ardhi. Kidachi huita jambo hili kringloop: kring ni duara, na loop ni mwendo, hivyo neno moja limeyabeba yote mawili ambayo Kiswahili kimeyatenga. Mwaka 1998 serikali ya huko ilianzisha utaratibu ulioitwa MINAS. Kila shamba liliwekewa daftari langoni: chakula cha mifugo na mbolea zilizoingia ziliandikwa upande mmoja, maziwa, wanyama na samadi zilizotoka upande wa pili, na ziada ya nitrojeni na fosfeti iliyopita kiwango ililipiwa ushuru. Ulikuwa urari wa kweli, wenye pande mbili. Lakini agizo la Ulaya la mwaka 1991 juu ya naitreti lilipima jambo jingine: si kilichopotea, bali kilichomwagwa, nalo liliweka mpaka wa kilo 170 za nitrojeni ya samadi kwa hekta. Mwaka 2003 Mahakama ya Ulaya ilihukumu kwamba MINAS haikutimiza agizo hilo, na mwaka 2006 utaratibu mwingine ukachukua mahali pake. Ni mara chache namna mbili za kupima kitu kimoja kufikishana mahakamani.

Mambo yaliyofuata yana funzo pia. Kikomo cha maziwa kilipoondolewa katika Ulaya mwaka 2015, ng'ombe wa Uholanzi waliongezeka, na fosfeti ya samadi ikapita kikomo cha taifa cha kilo milioni 172.9, mwaka 2018 ikabidi wafugaji wagawiwe haki za fosfeti. Mwaka huo huo waziri wa kilimo, Carola Schouten, alitangaza kilimo cha kringloop kuwa shabaha ya nchi. Kipimo cha kila lita chaweza kuonyesha uangalifu unaozidi mwaka hata mwaka, huku jumla ikifurika. Kwani uwiano haujui idadi.

Na langoni mwa daftari lile, soya ya Brazil iliandikwa kuwa "imeingia". Ilikotoka hapakuwa na safu yake. Ni kweli kwamba soya hujipatia sehemu kubwa ya nitrojeni yake hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Lakini fosforasi na potasi haina njia hiyo, huzitoa ardhini, na mkulima wa Brazil hulazimika kuzinunua tena. Kwa lugha ya Uhaya, ardhi hiyo ni rweya isiyoonekana kutoka langoni.

Kipimo kingine kitajwe kwa ufupi, kwa sababu ya kitenzi chake. Mwaka 2017 watafiti wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba asilimia 86 ya uzito mkavu wa chakula cha mifugo duniani ni vitu ambavyo binadamu hawali: nyasi, mabua, pumba na mabaki mengineyo. Mfasiri wa Kiswahili ana maneno mawili mbele yake, "kisicholiwa" na "kisicholika". Nyasi hazilike. Lakini watafiti hao hao walisema kwamba katika hekta bilioni 2 za malisho, kama milioni 700 zingeweza kulimwa. Nyasi hazilike, na chakula ambacho ardhi yake ingetoa hakiliwi. Anayetumia neno moja kwa yote mawili amelifunga swali la ardhi bila kulijibu.

Pia kuna sehemu ya njia ambayo vipimo huipita kwa haya. Maziwa na ndizi zinaposafirishwa kwenda Mwanza, nitrojeni na fosforasi zake huishia katika mashimo ya vyoo vya mji. Lugha ina adabu yake: husema "haja", "choo", "kwenda msalani", na adabu hiyo imehamia katika majedwali, ambamo safu ya binadamu mara nyingi ni tupu. Liebig hakuwa na haya hiyo.

Mpaka si wa mahali tu, bali ni wa wakati pia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 juu ya mahame ya wafugaji wa kale katika Narok, Kenya, ulionyesha kwamba mahali palipokuwa mazizi, baina ya miaka 1,500 na 3,700 iliyopita, udongo ungali na fosforasi, magnesi na kalsi kupita ardhi ya jirani, na hata leo ni viwanja vya nyasi nzuri vinavyopendwa na wanyama wa porini. Katika fomu ya mwaka mmoja, samadi iliyoachwa ndani ya boma lililohamwa ingeandikwa kuwa imepotea.

Kwa hiyo, kwa wale waliopewa kazi ya kutunga istilahi, inaonekana yafaa "mzunguko" libaki kuwa jina la wazo na la siasa yake, na "duara" litumike pale tu ambapo kufungwa kumethibitishwa. Ndani ya fomu, "marejeo" yawe jina la kiasi kilichofika shambani, kikipimwa baada ya lundo wala si kabla yake. "Urari" uandikwe kwa kila ardhi iliyoguswa, ikiwamo ile isiyo na mwenyewe wa kuhojiwa. Na juu kabisa ya ukurasa, kabla ya jina la mfugaji na idadi ya ng'ombe wake, iwepo nafasi ya "mpaka", ijazwe kwa maneno ya mwenyeji. Huko Bukoba neno la kuandika hapo lipo tayari, na la pili yake pia.